CHEMBE NDOGO MNO ZA KUBEBEA DAWA ZA SAMAKI: YANAYOVIPASA VYAMA KUYAJUA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama wanachama vya wafugaji wa samaki. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Kila mfugaji wa samaki aijua asubuhi ile mbaya ambapo samaki huonekana wakielea juu ya maji, matumbo juu. Chakula kimekwisha kulipiwa, vifaranga vimekwisha kulipiwa, na mkopo wa chama haujarudi. Katika hali hiyo mtu hununua chochote aambiwacho kuwa ni dawa. Na sasa jina jipya limeanza kusikika: dawa zilizofungwa ndani ya chembe ndogo mno, ziitwazo chembe za nano, ambazo hutengenezwa kwa vitu vya asili kama maganda ya kamba, mwani, na mafuta ya mimea. Wako wasemao kuwa ni muujiza, na wako wasemao kuwa ni ulaghai mtupu. Pande zote mbili zimekosea. Madhumuni ya hotuba hii ni kueleza jambo lenyewe ni nini, limefikia wapi, na chama kifanye nini kabla ya kutoa fedha za wanachama.

1. Upungufu wa dawa za kawaida

Mwenye ng'ombe humfunga yule mmoja aliye mgonjwa akamdunga sindano. Mwenye kizimba chenye sato 2,000 hawezi kufanya hivyo. Kwa hiyo dawa hutiwa katika chakula, na hapo ndipo hasara inapoanza, tena kwa njia nne.

Kwanza, samaki mgonjwa huacha kula. Dawa huliwa na wazima, ilhali wagonjwa hukaa kando wakifa. Pili, punje ya chakula ikikaa majini, sehemu ya dawa huyeyuka na kutoka kabla haijaliwa. Tatu, tumbo lenyewe la samaki ni adui wa dawa. Mwaka 1973 mtaalamu aitwaye Moriarty alichapisha uchunguzi wake juu ya sato wa Ziwa George, nchini Uganda, akaonyesha kuwa asidi ya tumbo la samaki huyo ni kali mno; kipimo chake cha pH hushuka chini ya 2. Asidi hiyo humsaidia sato kuvunja mwani mdogo wa majini ambao samaki wengine wengi hawawezi kuumeng'enya. Lakini asidi hiyo hiyo huweza kuharibu chanjo, protini na dawa nyingine dhaifu zipitapo hapo. Nne, hata dawa inayosalimika tumboni huenda isifyonzwe na utumbo. Dawa iitwayo oksitetrasaiklini, ambayo imetumika kwa miaka mingi katika ufugaji wa samaki duniani, hushikana na madini ya kalisi na magnesi. Na uchunguzi kwa samaki aina ya trauti umeonyesha kuwa kiasi kinachoingia katika damu ni chini ya asilimia 10.

Hesabu yake ni rahisi. Ichukuliwe kwa mfano kizimba cha sato 2,000, kila mmoja akiwa na uzito wa gramu 250. Jumla ni kilo 500. Kwa kipimo cha miligramu 75 kwa kila kilo ya samaki kwa siku, dawa itakiwayo ni gramu 37.5 kwa siku, na kwa siku 10 ni gramu 375. Kama sato naye hufyonza sehemu moja tu ya kumi, zaidi ya gramu 337 zitatoka na kinyesi na kuingia katika maji na tope. Mwanachama amelipia gramu 375 na samaki wake wamepata pungufu ya 38. Zilizobaki wamelishwa bakteria wa ziwani.

Na bakteria hao hawakai bure. Wale dhaifu hufa, wale wagumu hubaki na kuzaana, na baada ya misimu kadhaa dawa ile ile haifanyi kazi tena, si katika kizimba hicho tu, bali katika vizimba vya majirani vilivyo katika maji hayo hayo. Bakteria huweza pia kupeana tabia hiyo ya kuishinda dawa, hata wale wanaowaletea wanadamu maradhi. Hii ndiyo sababu jambo hili si la mfugaji mmoja mmoja. Ni la chama.

2. Chembe ya nano ni nini?

Milimita moja ikigawanywa mara milioni moja, kila kipande huitwa nanomita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000. Chembe za kubebea dawa aghalabu huwa na upana wa nanomita 100 hadi mia chache. Chembe za nanomita 200 zikipangwa bega kwa bega, zinahitajika 400 kuufikia unene wa unywele mmoja. Bakteria wa kawaida ana urefu wa nanomita kama 1,000. Kwa hiyo chembe hizi ni ndogo hata kuliko mdudu anayepigwa vita.

Udogo huo una faida gani? Faida ya kwanza ni eneo la uso. Kipande cha mchemraba chenye upande wa sentimita moja kina uso wa sentimita za mraba 6. Kikikatwakatwa kuwa vipande vya nanomita 100 kila upande, uzito haubadiliki, lakini jumla ya nyuso zake huwa mita za mraba 60, yaani sakafu ya nyumba yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 10. Kadiri uso unavyokuwa mkubwa, ndivyo dawa inavyokutana na ukuta wa utumbo kwa wingi zaidi. Faida ya pili ni kinga: dawa iliyo ndani ya chembe haikutani na asidi moja kwa moja. Faida ya tatu ni kutoka polepole: badala ya kumwagika yote kwa saa moja, dawa hutolewa kidogo kidogo.

Yafaa ieleweke wazi kwamba chembe si dawa. Chembe ni chombo, kama gunia kwa mahindi. Gunia zuri huyafikisha mahindi ghalani bila kumwagika. Haliwezi kuyageuza mahindi mabovu kuwa mazuri. Vivyo hivyo, dawa isiyofaa kwa ugonjwa fulani haitafaa kwa sababu tu imetiwa ndani ya chembe ya nano.

3. Vitu vya asili vinavyotumika

Kitu kinachotajwa zaidi kuliko vyote ni kaitosani. Asili yake ni kaitini, ambayo ndiyo huyapa ugumu maganda ya kamba, kaa na wadudu, na ambayo imo pia katika uyoga. Mfaransa Henri Braconnot aliigundua katika uyoga mwaka 1811. Na mwaka 1859 Mfaransa mwingine, Charles Rouget, akaichemsha katika magadi makali na kupata kitu kipya ambacho baadaye kilipewa jina la kaitosani. Hadi leo njia ni ile ile kwa jumla. Maganda huoshwa na kukaushwa, madini huondolewa kwa asidi, protini huondolewa kwa magadi mepesi, kisha hufuata kuchemsha katika magadi makali.

Kaitosani huyeyuka katika asidi nyepesi kama ile ya siki, na ikiyeyuka huwa na chaji chanya ya umeme. Ute unaofunika utumbo na matamvua ya samaki una chaji hasi. Chanya na hasi huvutana. Kwa hiyo kaitosani hunata katika ute, na dawa iliyomo hupata muda wa kupenya badala ya kupita moja kwa moja na kinyesi. Kuvutana huko ndiko pia kunakotumika kutengeneza chembe zenyewe. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Santiago de Compostela, Hispania, walichapisha njia nyepesi: maji ya kaitosani hukorogwa huku yakitiwa chumvi ya tripolifosfeti yenye chaji hasi, na chembe hujikusanya zenyewe pasipo moto wala sumu kali. Dawa itakiwayo kubebwa huchanganywa humo kabla ya chembe kufunga.

Kitu cha pili ni aljineti, itokanayo na mwani wa rangi ya kahawia. Mwingereza E. C. C. Stanford aliitenga katika karne ya 19. Tabia yake ni kinyume cha ile ya kaitosani: katika asidi hujikunja na kukaza, na katika utumbo, ambako asidi imepungua, hutanuka na kufunguka. Hapo ndipo watafiti walipoona hekima ya kuviunganisha vitu hivi viwili. Kaitosani peke yake ingeyeyuka katika tumbo kali la sato. Ikivikwa aljineti, hupita salama tumboni kama mtu aliyevaa koti la mvua, kisha hufunguka utumboni na kunata.

Vitu vingine ni mafuta ya lesithini yatokanayo na soya au kiini cha yai, ambayo hujikunja majini na kuwa vifuko vidogo, protini za maziwa na za mahindi, na karajini. Hii ya mwisho yawahusu ndugu wa Visiwani na wa mwambao. Mwani unaolimwa Zanzibar kwa biashara tangu mwaka 1989, aina zijulikanazo kama spinosumu na kotoni, ni mwani mwekundu, na zao lake ni karajini, si aljineti. Kwa hiyo mkulima wa mwani akiambiwa kuwa mwani wake utanunuliwa kutengenezea aljineti, ajue kwamba mwambiaji hajui asemalo, au analijua na anakusudia jambo jingine.

4. Majaribio yameonyesha nini?

Nchini India, mwaka 2008, watafiti walichapisha kazi yao juu ya samaki wa jamii moja na sangara wa Ziwa Victoria, aitwaye kwa jina la kitaalamu Lates calcarifer. Walitia vinasaba vya chanjo ya ugonjwa wa vibrio ndani ya chembe za kaitosani, wakawalisha samaki katika chakula. Samaki walipata kinga, lakini kinga ya wastani. Si wote waliopona walipoambukizwa. Hata hivyo jambo kubwa lilithibitika: chanjo imeweza kulishwa, ikapita tumboni na kufika ndani ya mwili.

Nchini Thailand, mwaka 2019, ilichapishwa kazi juu ya perege wekundu na ugonjwa wa kolumnarisi, ambao hula mapezi, ngozi na matamvua. Hapo samaki hawakulishwa wala kudungwa sindano. Walichovywa katika maji yenye chanjo iliyovikwa kaitosani. Chanjo ilinata katika matamvua, na samaki hao walipoambukizwa walikufa wachache kuliko wale waliochovywa katika chanjo isiyovikwa. Kwa mfugaji wa vifaranga maelfu, tofauti kati ya kudunga na kuchovya ni kubwa sana.

Misri nayo, ambayo huongoza Afrika kwa ufugaji wa samaki, ina watafiti waliojaribu kutia chembe za kaitosani katika chakula cha sato ili kuimarisha utumbo na afya kwa jumla, nao wameripoti matokeo mazuri.

Lakini mizani lazima iwe sawa. Kazi nyingi za aina hii zimefanywa katika matangi ya maabara, kwa samaki makumi au mamia, kwa majuma machache, katika maji safi yenye joto lisilobadilika. Kizimba cha ziwani kina mawimbi, tope, majani, ndege, na samaki wa porini wanaozunguka nje ya wavu. Kilichofaulu katika tangi hakijafaulu bado katika kizimba mpaka kijaribiwe humo.

5. Mambo ya kutahadhari

Neno "asili" lisimdanganye mtu. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani la kaitosani iliyoyeyushwa kwa asidi na kutiwa katika maji ya trauti. Kiasi kidogo sana kiliwaua samaki, kwa kuwa kitu kile kile kinachonata katika utumbo kwa manufaa huweza kunata katika matamvua kwa madhara. Kwa hiyo kununua unga wa kaitosani na kuumwaga bwawani ni kuwatia samaki hatarini.

Jambo la pili ni siku za kusubiri. Kila dawa ina idadi ya siku zinazopasa kupita kati ya dozi ya mwisho na kuvuna. Kwa oksitetrasaiklini, kwa samoni na kambare nchini Marekani, ni siku 21. Hesabu hiyo ilifanywa kwa dawa ya kawaida. Ikiwa chembe za nano zinaingiza dawa nyingi zaidi mwilini na kuitoa polepole, basi dozi ya zamani yaweza kuwa kubwa mno, na siku za zamani zaweza kuwa chache mno. Muuzaji asiyeweza kuonyesha hesabu mpya hana haki ya kuuza.

Wenye kumbukumbu hawajasahau mwaka 1999, wakati nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliovua kwa kutumia sumu. Waliotenda hawakuwa wengi, lakini viwanda vilipunguza kazi katika nchi zote tatu za ziwa, na wavuvi waaminifu wakakosa soko. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Mwanachama mmoja akitia dawa kwa siri na kuvuna kesho yake, jina litakaloharibika sokoni ni la chama.

Jambo la tatu: si kila kifo ni ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 samaki wengi walikufa katika vizimba vya upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, na chanzo kilichotajwa ni upungufu wa hewa ya oksijeni majini. Hakuna chembe, ya asili wala ya kiwandani, inayoweza kuwa badala ya hewa. Mfugaji anayemwaga dawa mahali panapohitaji kupunguza samaki au kusogeza kizimba kwenye maji yenye mkondo amepoteza samaki, na fedha pia.

6. Wajibu wa chama

Kamati ya chama ikiletewa dawa ya namna hii, na iulize maswali matano, na katibu ayaandike majibu katika daftari la mikutano.

(a) Je, dawa imesajiliwa? Kwa Tanzania Bara, mamlaka ya dawa ni TMDA, na namba ya usajili huonekana katika chupa au pakiti. Mali isiyo na namba isipokelewe, hata kama yatolewa bure.

(b) Imejaribiwa kwa samaki gani? Iliyofaa kwa samoni wa maji ya baridi haikufaa kwa sato kwa sababu hiyo tu.

(c) Ndani ya chembe mna dawa gani, na kwa kipimo gani? Neno "nano" si jina la dawa.

(d) Siku za kusubiri kabla ya kuvuna ni ngapi, na nani amezithibitisha?

(e) Huhifadhiwa vipi? Chembe zilizo katika maji huweza kushikamana na kuwa mabonge zikikaa muda mrefu au zikipata joto, na hapo faida yote ya udogo hupotea. Chama kisicho na jokofu kisinunue kitu kinachohitaji jokofu.

Maswali yote yakijibiwa vizuri, bado chama kisinunue kwa wanachama wote kwa mara moja. Vichaguliwe vizimba viwili vyenye ukubwa mmoja, samaki wa umri mmoja na chakula kimoja. Kimoja kipewe dawa mpya na kingine kipewe matunzo ya kawaida, chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo au afisa uvuvi. Kila siku wafu wahesabiwe, chakula kipimwe, na mwishoni samaki wapimwe uzito.

Kisha ipigwe hesabu. Ichukuliwe kwamba katika kizimba cha kawaida walikufa samaki 300, na katika kile cha dawa walikufa 200. Waliookolewa ni 100. Kwa gramu 250 kila mmoja, ni kilo 25. Kwa bei ya mfano ya shilingi 9,000 kwa kilo, ni shilingi 225,000. Ikiwa dawa iligharimu shilingi 300,000, basi dawa imefanya kazi, na chama kimepata hasara ya shilingi 75,000, bila kuhesabu chakula walichokula wale mia moja. Dawa nzuri na biashara nzuri si kitu kimoja. Katibu aliyeandika hesabu hiyo amewafaa wanachama wake kuliko mhubiri yeyote wa mambo mapya.

Mwisho, mfano wa Norway unafaa kukumbukwa. Mwaka 1987 wafugaji wa samoni wa nchi hiyo walitumia karibu tani 48 za dawa za kuua bakteria. Hivi leo samaki wao wamezidi tani milioni moja kwa mwaka, nayo matumizi ya dawa hizo hayafiki tani moja. Hawakufika hapo kwa dawa kali zaidi. Walifika kwa chanjo, kwa kuacha maeneo yapumzike kati ya mavuno, kwa kutenganisha samaki wa umri tofauti, na kwa kuweka kumbukumbu za kila kilo ya dawa. Sindano za chanjo hizo hudungwa samaki mmoja mmoja, kazi ambayo samoni mkubwa aweza kuilipia, lakini sato wa robo kilo hawezi kwa urahisi. Hapo ndipo yalipo matumaini ya kweli ya chembe hizi: si kuongeza viuavijasumu majini, bali kumfikishia sato chanjo kwa njia ya chakula au ya kuchovywa, kwa bei ambayo mfugaji mdogo ataimudu.

Siku hiyo ikifika, kitakachonufaika kwanza ni chama chenye daftari safi, chenye kujua wangapi walikufa mwaka jana, na kwa sababu gani. Kazi hiyo haingoji chembe za nano. Yaweza kuanza kesho asubuhi, kwa kalamu na mizani.